Haki ya Kufungua Boneti

Wapenzi wa magari, wawe wa Nairobi, Arusha au Los Angeles, wengi wao hukubaliana juu ya jambo moja: zamani mtu aliweza kujitengenezea gari kwa sababu gari lilikuwa jepesi, na leo hawezi kwa sababu kompyuta imeingia kwenye injini. Ni maelezo yanayoingia akilini haraka, na ndiyo maana hayachunguzwi. Lakini ukiifuatilia desturi ya kujitengenezea gari huko Marekani, ilikoanza kuwa desturi ya watu wengi, unakuta mambo hayakwenda hivyo. Kutafuta hitilafu ya injini ya petroli kumebaki kazi ileile kwa zaidi ya miaka 100: unatafuta cheche, unatafuta mafuta, unatafuta mgandamizo, kisha unahakikisha vyote vitatu vinakutana kwa wakati wake. Kilichokuwa kikibadilika ni nani anaruhusiwa kupata habari za kinachotokea ndani ya silinda. Hoja yangu ni kwamba vitabu, sheria na bei ya vifaa ndivyo vilivyoamua, kuliko ugumu wa mashine yenyewe, kama mwenye gari atashika spana au atashika simu amwite fundi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 gari lilikuwa mali ya matajiri, na matajiri hawakuwa na haja ya kuchafua mikono. Waliajiri dereva ambaye ndiye pia aliyekuwa fundi. Mwanahistoria Kevin Borg ameeleza jinsi mpango huo ulivyowageuka: dereva ndiye pekee aliyejua gari lina nini, kwa hiyo aliweza kulitumia kwa shughuli zake, akapokea chochote pembeni kutoka kwa gereji aliyoipelekea kazi, na bosi wake hakuwa na la kumbishia. Magazeti ya wakati huo yalilijadili suala hilo kwa uzito. Magari hayo hayakuwa na kompyuta wala waya nyingi. Mwenye gari alishikwa pabaya kwa sababu hakujua, basi. Hali hiyo ingerudi baada ya miaka zaidi ya 70, safari hii aliyeshika habari akiwa kiwanda chenyewe.

Kati ya nyakati hizo mbili lilikuja gari lililowapa mamilioni ya watu wa kawaida uzoefu wa kufungua boneti. Ford Model T ilianza kuuzwa Oktoba 1908 na ikaachwa kutengenezwa Mei 1927, baada ya magari zaidi ya milioni 15. Bei ya gari la wazi la watu watano ilianzia dola 850, na katikati ya miaka ya 1920 ilikuwa imeshuka chini ya dola 300. Wanunuzi wengi walikuwa wakulima walioishi mbali na gereji yoyote. Hapa ndipo watetezi wa dhana ya wepesi wanaposimama, na kweli wana vya kuonyesha: injini hiyo haikuwa na pampu ya maji, wala pampu ya oili, wala pampu ya mafuta. Petroli iliteremka kwa uzito wake kutoka kwenye tangi lililokuwa chini ya kiti, hata mtu mwenye mafuta kidogo alilazimika kupanda mlima mkali kwa rivasi ili kabureta isikauke. Lakini uchache wa vipuri haukumpa mwenye gari raha. Injini iliwashwa kwa kuzungusha hendeli, na aliyesahau kurudisha nyuma mkono wa taimingi aliweza kuvunjwa mkono na hendeli hiyo ikipiga kinyume. Bendi za gia zililika na zilitaka kukazwa kila mara. Vali zilitaka kusagwa, na kaboni ilitaka kukwanguliwa kwenye vichwa vya pistoni. Mkulima wa Kansas hakuwa na gari lisiloharibika. Alikuwa na gari linaloharibika mara kwa mara, ila aliambiwa la kufanya.

Aliambiwaje? Kampuni yenyewe ilimpa kijitabu kilichoandikwa kwa maswali na majibu, swali moja baada ya jingine, katika lugha ambayo mtu aliyemaliza shule ya kijijini aliielewa. Chukua tatizo la injini kumisi, silinda moja inapoacha kufanya kazi. Model T ilikuwa na sanduku la mbao mbele ya dereva, na ndani yake koili nne, kila silinda na ya kwake. Juu ya kila koili palikuwa na kibati kilichotetema na kulia kama nyuki kila kilipotoa cheche. Dereva aliacha injini ikiunguruma, akafungua kifuniko, akabonyeza kibati kimoja kwa kidole kisitetemeke. Mlio wa injini ukidhoofika, silinda ile ilikuwa nzima, kwa kuwa ameizima yeye. Mlio usipobadilika, ameipata iliyokufa. Hapo alichomoa koili yake bila spana, akaibadilishana nafasi na ya jirani, kwa maana zote nne zilikuwa sawa. Kama ubovu ulihamia kwa jirani, koili ndiyo mbovu. Kama ulibaki palepale, alikwenda kwenye plagi, kisha kwenye waya, kisha kwenye kigawa umeme kilichokuwa mbele ya injini. Mwisho alizima na kuzungusha hendeli polepole, akihisi mkononi kama kila silinda inamkatalia kwa nguvu sawa. Ile iliyopita kwa ulaini ilikuwa inavujisha mgandamizo kwenye vali au kwenye ringi. Nimeieleza hatua kwa hatua kwa sababu tutakutana nayo tena. Ni fikra kamili ya kiuchunguzi: tenga, linganisha, hamisha, ondoa dhana moja baada ya nyingine. Mtu anayeifuata hivi hawezi kuitwa mbabaishaji.

Henry Ford hakufungua siri hizi kwa ukarimu. Hakuwa na gereji za kutosha kuhudumia nchi nzima, na gari ambalo mkulima asingeweza kulifufua mwenyewe lisingenunuliwa. Uwazi ulikuwa sehemu ya biashara. Matokeo yake yalivuka mipaka aliyoitarajia: wakulima waliinua gurudumu la nyuma kwa jeki na kulifunga mkanda, wakakata kuni na kuvuta maji kwa injini ya gari. Kizazi kilichokulia kwenye mashamba hayo ndicho kilichokwenda kwenye mabonde makavu ya California na magari yaliyobanduliwa mabodi, kikashindana kwa kasi. Chama kilichosimamia upimaji wa kasi hizo, Southern California Timing Association, kiliundwa mwaka 1937, na jarida la Hot Rod likaanza Januari 1948. Kurasa za jarida hilo zilifanya kwa vijana wa mjini kazi iliyofanywa na kijitabu cha Ford kwa wazazi wao.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda viliandika vitabu vyao vya ufundi hasa kwa ajili ya gereji, vikichukulia kwamba msomaji ana vifaa maalumu na mafunzo ya kiwanda. Pengo hilo lilizibwa na watu wa nje. John Haynes, ofisa wa jeshi la anga la Uingereza, alikuwa Aden mwaka 1965 aliposaidia kufufua Austin-Healey Sprite ya mwenzake. Alikuta kitabu cha kiwanda hakimsaidii mtu wa kawaida, akaamua kulifungua gari na kupiga picha kila hatua, na mwaka 1966 akachapisha kitabu cha kwanza katika mfululizo ambao baadaye ulifika karibu kila nchi inayosoma Kiingereza. Uamuzi wake mkubwa ulikuwa kuandika baada ya kufungua gari halisi, badala ya kunakili michoro ya mhandisi. Mwaka 1969 huko New Mexico, John Muir, mhandisi aliyeiacha kazi yake, alitoa kitabu cha kutengeneza Volkswagen kwa ajili ya mtu asiyejua lolote, kikaenda mamilioni ya nakala. Volkswagen za miaka hiyo hazikuwa nyepesi kuliko magari mengine ya umri wake kwa namna inayoweza kueleza umaarufu huo. Kitabu ndicho kilichowapa watu ujasiri wa kulala chini ya gari.

Pingamizi zito linatoka kwetu. Mtu anaweza kusema: mafundi wa Gerezani pale Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road jijini Nairobi, wamefufua injini kwa miongo mingi bila kusoma kitabu chochote, sasa vitabu vina umuhimu gani? Ni swali la haki, na jibu lake linaipanua hoja bila kuivunja. Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake juu ya Kenya mwaka 1972, na Kenneth King alipochapisha utafiti wake juu ya mafundi Waafrika mwaka 1977, dunia ya wasomi ilianza kuona kile ambacho wenye magari walikijua: karakana za reli na za Wahindi zilikuwa zimekuwa shule. Kijana aliingia kama msaidizi, akaosha spea kwa petroli, akashika taa, akaona kwa macho yake pistoni inatokaje, kisha siku moja akatoka na kufungua kazi yake juani. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi kwa kazi, alishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Gari lililokuwa limechoka machoni pa kiwanda lilikuwa bado na maisha mikononi mwa anayelielewa. Tanzania nayo, baada ya vita vya 1978 na 1979, ilikosa fedha za kigeni na spea zikaadimika, watu wakajifunza kuchonga bushi na kukata gasketi kwa mkono. Hata mwenye gari asiyeshika spana alikuwa, na bado ni, sehemu ya uchunguzi: anasimama pembeni fundi akifungua, anapewa kipuri kibovu kama sampo, anakwenda nacho dukani mwenyewe, anarudi nacho, anauliza kwa nini kimekatika. Kwa hiyo maarifa yalikuwa wazi, ila yalipitia macho na mikono. Udhaifu wa uwazi wa aina hii ni kwamba unategemea ubovu unaoonekana. Ubovu ulipohamia kwenye waya kama ishara ya umeme, kusimama pembeni hakukumfundisha mtu tena.

Uhamisho huo ulianzia kwenye hewa ya Los Angeles. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu uliowachoma wakazi macho ulitokana na mvuke wa petroli na gesi za moshi zikipikwa na jua. Sheria ya Hewa Safi ya 1970 ikafuata, na kufikia magari ya mwaka 1975 mengi yalikuwa na kisafisha moshi ndani ya egzosi, kifaa kinachoharibika kama mchanganyiko wa hewa na petroli hauko sawa. Kabureta haikuweza kuwa sahihi kiasi hicho kila wakati. Zikaja sensa, injekta na kompyuta. California ikataka magari ya kuanzia mwaka 1988 yajipime yenyewe na kuwasha taa ya injini pakiwa na kasoro, lakini kila kiwanda kiliruhusiwa kuwa na tundu lake na namba zake. Katika magari mengi ya miaka hiyo, mwenye gari aliunganisha pini mbili kwa kipande cha waya na kuhesabu taa inavyopepesa, kisha akatafuta mahali pa kuambiwa maana yake. Kama kuna wakati ambapo malalamiko kwamba kompyuta imewanyima watu magari yao yalikuwa na msingi, ni miaka hiyo.

Kisha likatokea jambo ambalo wapenzi wengi wa magari hawalipi uzito linaostahili. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani ililazimisha tundu moja la pini 16 kwa magari yote madogo, karibu na usukani, na majina mamoja ya makosa makuu. Lengo lilikuwa ukaguzi wa moshi. Tokeo lilikuwa kwamba mtu wa kawaida alipata njia ya kuiuliza injini swali na kujibiwa, kwa chombo ambacho bei yake iliendelea kushuka mpaka leo kipimaji kidogo kinachozungumza na simu kinauzwa kwa bei isiyozidi ya plagi seti moja. Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam yana tundu hilo. Namba P0301 ina maana ileile kwa Toyota ya Tanga na kwa Ford ya Ohio: silinda ya kwanza inamisi. Mafundi hodari wanajua kwamba namba hiyo haisemi nunua plagi, wala nunua koili. Wanachofanya ni kuchomoa koili ya silinda ya kwanza, kuipeleka ya tatu, kufuta kosa na kuwasha. Namba ikigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, wanahamisha plagi, kisha injekta, kisha wanapima mgandamizo. Mkulima wa mwaka 1915 angeielewa kazi hii bila kuelezwa, kwa sababu ndiyo yake. Kidole kwenye kibati kimebadilishwa na sensa ya krenki inayohisi mzunguko ukilegea kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kuna mafundi wanaosoma namba na kubadilisha kipuri cha kwanza kinachotajwa, na wateja wengi wamelipia spea nzima nzima kwa sababu hiyo. Hilo ni kosa la aliyeacha kufikiri. Chombo kimempa dalili, naye ameifanya hukumu.

Viwanda vina majibu yao, na yanastahili kusikilizwa. La kwanza ni kwamba mtu akipewa ufunguo wa kompyuta ya injini ataichezea, atoe kisafisha moshi, aongeze nguvu, achafue hewa. Wapo wanaofanya hivyo, Marekani na kwetu pia. Lakini udanganyifu mkubwa wa moshi tulioushuhudia haukufanywa na watu wa gereji za nyumbani. Ulifichuliwa mwaka 2015, na ulikuwa wa Volkswagen: magari ya dizeli yapatayo milioni 11 duniani yaliyokuwa na programu ya kutambua kwamba yanapimwa, yajitie usafi kwa muda huo tu. Waliotoa ushahidi wa mwanzo ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliofunga vipimo kwenye magari na kuyaendesha barabarani. Programu ambayo hakuna mtu wa nje anayeweza kuisoma inaweza kuficha uovu kwa ukubwa ambao hakuna mpenzi wa magari anayeweza kuufikia hata akiamua. Jibu la pili ni usalama: mwenye gari akikosea breki ataua mtu. Ni kweli, na ilikuwa kweli vilevile mwaka 1920, na jamii ikaamua kukagua magari barabarani badala ya kukataza watu kubadilisha viatu vya breki.

Jibu la tatu ndilo ninalolikubali kwa sehemu kubwa. Injini za leo zinadumu. Kuna plagi zinazokwenda kilomita 160,000 kabla ya kubadilishwa, na vijana wengi watamiliki gari miaka mitano bila sababu ya kuishika. Ujuzi usiotumika hufifia, na hapo hakuna sheria itakayosaidia. Kupungua kwa wanaojitengenezea magari kuna sehemu yake katika mafanikio ya wahandisi, na si vizuri kuyabeza. Ila uimara wa miaka ya kwanza humnufaisha zaidi mnunuzi wa kwanza. Gari linapofika kwa mmiliki wa tatu, likiwa na umri wa miaka 10 au 12, mara nyingi likiwa limevuka bahari, hitilafu zinaanza kuja pamoja, na huyo ndiye mwenye fedha kidogo na mwenye haja kubwa ya habari.

Mapambano ya kisheria yaliyofuata yanathibitisha kwamba suala ni habari. Tundu la 1996 lilifungua makosa ya moshi. Mifuko ya hewa, breki, gia na ufunguo wa kielektroniki vilibaki katika lugha ya kila kiwanda. Mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts waliidhinisha kwa zaidi ya asilimia 80 sheria inayovilazimisha viwanda kuuza kwa gereji huru na kwa wenye magari habari zilezile vinazowapa mawakala wao, na Januari 2014 viwanda vikakubali kuitekeleza nchi nzima. Ulipofika mwaka 2015, mbele ya ofisi ya hakimiliki ya Marekani, General Motors na John Deere walipinga kwamba mwenye gari au trekta aruhusiwe kuipita kufuli ya programu ili atengeneze. Kwa maelezo yao, programu iliyomo haijauzwa pamoja na chuma. Walishindwa, na ruhusa ikatolewa. Mwaka 2020 Massachusetts ilipiga kura tena, asilimia kama 75 wakaunga mkono, safari hii kuhusu habari ambazo gari linazituma kiwandani kwa njia ya hewa bila kupitia tundu lolote. Viwanda vikaenda mahakamani. Katika kila hatua mashine yenyewe haikuwa imebadilika ghafla ikawa ngumu. Mlango ulihamishwa, watu wakaufuata.

Mlango unahama tena. Tundu la pini 16 lilizaliwa na sheria ya moshi, na gari la umeme halina moshi, kwa hiyo sheria hiyo haikulibana. California ililiona pengo hilo na mwaka 2022 ikapitisha kanuni zilizotaka magari ya umeme ya kuanzia mwaka 2026 yatoe habari zake kwa njia moja inayojulikana, pamoja na hali ya afya ya betri, na mmiliki aweze kuisoma. Magari ya umeme yaliyouzwa kabla ya hapo, na yale yanayouzwa katika nchi zisizo na kanuni kama hiyo, ndiyo yatakayotangulia kufika bandarini kwetu yakiwa yametumika, betri ikiwa ndicho kipuri ghali kuliko vyote na kisichoweza kupimwa kwa jicho. Mnunuzi wa Kariakoo atataka kujua betri imebakiza nini, na fundi wake atakuwa tayari na kipimaji mkononi. Kama gari litamjibu au halitamjibu, hilo limeamuliwa miaka kabla halijapakiwa melini.